Waraka kwa Walioridhia Ilani ya Maskat

Kwa Waheshimiwa mawaziri wa afya, kilimo na mazingira, pamoja na washauri wao, walioridhia Ilani ya Maskat kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa.



Neno la mwanzo ni shukrani. Tarehe 24 na 25 Novemba 2022 mlikusanyika katika mji wetu huu kuzungumzia jambo ambalo viongozi wengi hulikwepa, kwa kuwa halina jengo la kuzindua wala utepe wa kukata: bakteria wasiokufa kwa dawa. Mlipoondoka mliacha ilani iliyobeba jina la Maskat. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Maskat, na riziki yangu naipata katika maabara ya hospitali. Jina la mji ninaoishi likiwekwa juu ya karatasi inayohusu kazi yangu, naona ni haki yangu kuisoma mpaka mwisho, kisha niseme nilichokikuta na nilichokikosa.

Nilichokikuta ni malengo matatu ya kupigiwa hesabu. La kwanza linataka dawa za kuua vimelea zinazotumiwa katika mifugo na kilimo zipunguzwe kwa asilimia 30 hadi 50 ifikapo 2030. La pili linataka dawa ambazo binadamu anazitegemea ziachwe kabisa kutumiwa kunenepeshea mifugo. La tatu linataka angalau asilimia 60 ya antibiotiki wanazotumia watu zitoke katika kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linashauri lianze kutumika, ili zile kali zibaki akiba. Ni malengo mazuri, na aliyeyapigania ana haki ya kupongezwa.

Nilichokikosa ni lengo la nne. Yote matatu yanahusu kubana matumizi ya dawa tulizonazo. Kuhusu kutafuta mpya hamkuweka tarakimu hata moja. Mwenye ghala asiyeingiza nafaka mpya anaweza kupima kibaba kwa uangalifu mkubwa, na ghala likaisha vilevile, ila kwa kuchelewa. Waheshimiwa, namna ya kupima kibaba mlikubaliana. Shamba hamkulipangia msimu.

Na shamba lenyewe, pasipo fumbo lolote, ni udongo.

Kila mwanafunzi anakijua kisa cha Alexander Fleming na sahani yake iliyoota ukungu mwaka 1928, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani antibiotiki zote zilizaliwa hivyo. Sivyo. Zilizo nyingi asili yao ni bakteria wa udongoni. Takriban theluthi mbili ya antibiotiki zinazotumika mahospitalini zimetokana na jamii moja tu ya bakteria hao, aktinomaiseti, na ukoo mkubwa katika jamii hiyo unaitwa Streptomyces. Bakteria hawa huota kama nyuzi, wakajipenyeza baina ya chembe za udongo na kula majani yaliyooza na mabaki ya wadudu. Chakula kinapokaribia kwisha, sehemu ya nyuzi hufa ili sehemu nyingine ipate nguvu ya kuzaa mbegu ndogo zitakazongoja neema nyingine. Wakati huo ndio wa hatari, maana nyuzi zinazokufa ni karamu kwa majirani. Na wakati huohuo ndipo kemikali za kuua bakteria wengine zinapotengenezwa kwa wingi. Dawa tunayomdunga mgonjwa wa homa ya mapafu, kwa asili yake, ni silaha ya kiumbe mwenye njaa anayelinda watoto wake.

Aliyewahi kusimama kando ya wadi hapa Oman mvua ya kwanza ikigusa mchanga, au katika mashamba ya mikarafuu ya Pemba msimu wa vuli, ameshawanusa bakteria hawa. Harufu ile ya udongo uliolowa hutokana na kemikali iitwayo jiosmini, na watengenezaji wake wakubwa ni ukoo wa Streptomyces. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba harufu hiyo huwaita wadudu wadogo wa udongoni waje kula, na wadudu hao huondoka na mbegu za bakteria na kuzieneza kwingine. Kiumbe asiyeonekana kwa jicho ana njia ya kuita wabebaji wa mizigo yake. Mimi kila nikilifikiria hilo humsabihi Muumba.

Mmoja wa waliotafuta dawa kwa bakteria hawa, Albert Schatz, alikuwa kijana wa miaka 23 mwezi Oktoba 1943, alipopata katika chumba cha chini cha Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, Marekani, bakteria wa Streptomyces griseus waliotoa streptomaisini. Aina moja ilitoka katika udongo wa shamba uliotiwa samadi nyingi, nyingine katika koo la kuku. Streptomaisini ilikuwa dawa ya kwanza yenye nguvu ya kweli dhidi ya kifua kikuu, maradhi ambayo penisilini haikuyaweza. Msimamizi wake alikuwa Selman Waksman, bingwa wa elimu ya udongo, na Tuzo ya Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Schatz alikuwa ameshakwenda mahakamani mwaka 1950, na suluhu iliyopatikana ilimtambua kuwa mgunduzi mwenza na kumpa sehemu ya mrabaha. Nakitaja kisa hiki makusudi, ili tujue kwamba tangu dawa ya kwanza swali la nani apate nini lilikuwa limekwishazua ugomvi, tena baina ya watu wa nyumba moja. Majirani wa mbali walifanyiwa vipi?

Ushindi ule wa streptomaisini uliwafanya wenye viwanda vya dawa waugeukie udongo wa dunia nzima. Wamisionari, marubani, madaktari na wafanyabiashara waliombwa wakusanye udongo popote waendapo. Kloramfenikoli, iliyookoa watu wengi wa homa ya matumbo, ilitoka katika udongo wa karibu na Caracas, Venezuela, mwaka 1947. Mwaka 1949 daktari wa Kifilipino, Abelardo Aguilar, alichota udongo wa mkoa wa Iloilo akaupeleka kwa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani aliyokuwa akiifanyia kazi. Katika udongo ule ikapatikana erithromaisini, iliyoingia sokoni mwaka 1952 kwa jina la biashara Ilotycin, lililotokana na Iloilo. Jina la mkoa walilichukua. Daktari Aguilar alifariki mwaka 1993 bila ya kupata mrabaha aliokuwa akiudai. Vankomaisini, ambayo mpaka leo ni tegemeo dhidi ya stafilokoka sugu, ilitoka katika udongo wa Borneo uliotumwa na mmisionari mwanzoni mwa miaka ya 1950. Rifampisini ilitokana na udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, 1957. Daptomaisini asili yake ni udongo wa Mlima Ararat, Uturuki.

Nasi Afrika Mashariki hatukusahauliwa. Katika shamba la kahawa la Ruiru, karibu na Nairobi, ulichotwa udongo wenye bakteria wa jenasi ya Actinoplanes waliopewa namba SE50. Si antibiotiki iliyotoka humo, lakini ni jamii ileile ya aktinomaiseti na njia ileile ya kutafuta: kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilipata kwa bakteria hao akabosi, dawa inayopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu baada ya chakula, ikaitoa sokoni mwaka 1990 kwa jina la Glucobay. Hapa Ghuba, ambako maradhi ya sukari yameingia karibu kila nyumba, dawa hiyo inajulikana. Wapo watu waliokulia Kenya na wanaishi Maskat leo, na haijapata kuwafikia habari kwamba kidonge kile mwanzo wake ni bakteria wa udongo wa Kiambu. Bakteria walipochukuliwa hapakuwa na sheria ya kumtaka mtu amuulize mwenye shamba. Mkataba wa Bioanuwai ulikuja 1992, kanuni za Kenya za kugawana faida 2006, na Itifaki ya Nagoya 2010. Kwa hivyo sisemi kuna aliyeiba. Nasema bahasha ya udongo ilikwenda, na bahasha ya faida haikurudi.

Sasa tazameni kisa kingine, ili msije mkasema ulimwengu ndivyo ulivyo. Satoshi Ōmura, wa Taasisi ya Kitasato ya Japani, alikuwa na tabia ya kutembea na vifuko vya plastiki ili achote udongo kila apitapo. Katika udongo uliochotwa karibu na uwanja wa gofu wa Kawana, mji wa Ito, alipata aina ya Streptomyces ambayo haikuwa ikijulikana. Aliiotesha katika maabara yake mwenyewe, akaipima, akaihifadhi, na kabla ya kuipeleka kwa kampuni ya Merck ya Marekani taasisi yake ilikwishatia saini mkataba wa mwaka 1973 uliotaja mrabaha. Kwa bakteria huyo William Campbell na wenzake wa Merck walipata dawa iliyozaa ivermektini. Mrabaha ulirudi Kitasato, ukagharamia utafiti na kujenga hospitali. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa Nobel. Na Zanzibar, tangu 2001, watu wa visiwani waligawiwa ivermektini pamoja na albendazoli nyumba kwa nyumba ili kuyakata matende na mabusha; ivermektini hiyo Merck inaitoa bure kwa ajili hiyo. Wazee wangu wa Makunduchi waliimeza. Hii nayo ni dawa ya bakteria wa udongoni, ingawa huua minyoo.

Iloilo na Kawana hazitofautiani kwa baraka ya udongo. Zinatofautiana kwa kuwa Ōmura alikuwa na maabara na mkataba, na Aguilar alikuwa na bahasha ya udongo tu. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie katika waraka huu, na mkilisahau jingine lolote nililoandika sitalalamika.

Labda atatokea mshauri wenu aseme kwamba nchi zetu hazina uwezo wa sayansi ya namna hiyo. Kwa heshima zote, asome historia ya kifua kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, waliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu kabla: je, tiba ya mwaka mmoja na nusu inaweza kufupishwa ikawa miezi sita? Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Mchanganyiko wenye streptomaisini ya udongo wa New Jersey na rifampisini ya udongo wa Ufaransa ulifanya kazi, na dunia nzima ikabadili tiba yake. Kisha Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ilijenga pamoja na daktari Karel Styblo mpango wa taifa uliokuja kuwa kiolezo cha Shirika la Afya Duniani. Walioshikilia dawa hizo kwa miezi sita, wakaruhusu makohozi yao yapimwe tena na tena, ni wagonjwa wa kwetu. Aliyetoa mwili wake ili dawa ithibitishwe hawezi kuambiwa hana mchango katika kuitafuta.

Wala msiwatarajie wenye viwanda vikubwa warudi wenyewe. Wameshaondoka. Baada ya miaka ya 1960 kila aliyechimba alikuta dawa zilezile. Kwa makadirio ya wataalamu, aktinomaiseti mmoja katika kila kumi hutengeneza streptothrisini na mmoja katika mia hutengeneza streptomaisini, ilhali anayetengeneza daptomaisini ni mmoja kati ya milioni kumi hivi. Kazi ikawa ghali na faida ikawa haba, maana antibiotiki nzuri hutumika siku saba na dawa ya shinikizo la damu hutumika maisha. AstraZeneca iliuza kitengo chake mwaka 2016. Sanofi na Novartis walijitoa 2018. Kampuni ndogo ya Achaogen ilipata kibali cha Marekani mwezi Juni 2018 kwa dawa ya plazomisini, iliyoundwa kutokana na kemikali ya bakteria wa udongoni, dawa ya kuua vimelea sugu hasa. Mwezi Aprili 2019 ikafilisika. Ilifanya kila jambo tunalolihubiri, na soko likaiua. Uingereza ilijifunza: mwaka 2022 ilianza kulipa ada ya kila mwaka, hadi pauni milioni 10 kwa dawa moja wakati huo, ili dawa iwepo hata kama haitumiki sana, kwani antibiotiki bora ndiyo inayofaa kuwekwa akiba. Nchi za Ghuba zina uwezo wa kulipa hivyo kwa pamoja. Sijaona aliyelileta shauri hilo mezani kwa sauti ya kusikika.

Mnajua kinachotokea kusipokuwa na kipya? Katika maabara tunaotesha bakteria wa mgonjwa juu ya sahani, tunaweka juu yake viduara vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali, na kesho yake tunatazama. Dawa ikifanya kazi, kiduara huzungukwa na eneo safi. Zipo asubuhi ambapo sahani imefunikwa yote, bakteria wamekwenda hadi ukingoni mwa kila karatasi, na inabidi mtu anyanyue simu ampigie daktari aliye wodini na mgonjwa wake. Jeni ya NDM-1, inayowapa bakteria uwezo wa kuvunja hata zile antibiotiki za akiba, ilikwisharipotiwa hapa Oman katika jarida la kitabibu mwaka 2011. Daktari akifika hapo hushika kolistini, dawa iliyopatikana kwa bakteria wa udongoni mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuwekwa kando kwa sababu huumiza figo. Karne ya 21, jiji lenye hospitali nzuri, na tunamrudishia mgonjwa dawa ya zama za babu yake. Hata hiyo nayo ilitiwa katika chakula cha nguruwe na kuku kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2015 jeni inayoishinda ilipogunduliwa Uchina. Lengo lenu la pili lina msingi, waheshimiwa. Lilichelewa tu.

Takwimu zilizochapishwa mwaka 2022 zinasema watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria sugu moja kwa moja, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa nao. Sehemu iliyobeba mzigo mzito zaidi ni Afrika kusini mwa Sahara.

Na usugu wenyewe umetoka udongoni pia. Kiumbe anayetengeneza sumu lazima awe na kinga ya sumu yake, na majirani wamejifunza kinga hiyo tangu zamani mno. Mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za jeni za usugu walizozikuta katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000, kabla ya binadamu yeyote kumeza kidonge. Kwa hiyo hakuna siku tutakayopata dawa ya mwisho. Kila dawa ina muda wake, na kutafuta ni kazi isiyokatika, kama ilivyo kazi ya kulima.

Je, kuna kilichobaki cha kupatikana? Kipo kingi. Bakteria wengi wa udongoni, inasemwa asilimia 99, hawaoti juu ya sahani zetu za maabara. Timu ya Kim Lewis na Slava Epstein huko Boston ilikwepa tatizo hilo kwa kifaa kidogo chenye vitundu vingi: bakteria mmoja katika kila kitundu, kisha kifaa kinarudishwa udongoni, wakaote nyumbani kwao. Hivyo ndivyo teiksobaktini ilivyopatikana katika udongo wa jimbo la Maine na kutangazwa mwaka 2015. Na hata bakteria tuliokwisha kuwafuga wameficha mengi. Jenomu ya Streptomyces coelicolor iliposomwa yote mwaka 2002, palikutwa zaidi ya vikundi 20 vya jeni za kutengeneza kemikali za ziada, nyingi zikiwa hazijawahi kuonekana zikifanya kazi.

Mnaposikia haya mkiwa Maskat, tazameni nje ya dirisha. Watafiti waliokwenda jangwa la Atacama, Chile, mahali pakavu kuliko karibu popote duniani, walikuta aina mpya ya Streptomyces na pamoja nayo kemikali mpya zenye kuua bakteria. Oman ina mchanga wa Sharqiya, ina sabkha za chumvi za Barr al Hikman, ina milima ya Dhofar inayolowa kwa mvua za khareef miezi michache na kukauka iliyobaki, na ina miamba ya Samail, iliyokuwa sakafu ya bahari, yenye chemchemi za maji makali ya alkali ambamo bakteria wanaishi. Chuo Kikuu cha Nizwa kimekwishaanza kuchunguza vijidudu wanaoishi ndani ya mti wa ubani. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kipo Al Khoud tangu 1986. Wataalamu tunao. Lakini miamba ya Samail ilipochimbwa katika mradi mkubwa wa kimataifa kuanzia 2016, vipande vyake vilisafirishwa hadi Japani na kuchunguzwa ndani ya meli ya Chikyu, kwa sababu maabara ya kiwango kile haikuwepo hapa. Ulikuwa mradi halali, wenye idhini na washirika wa Oman, na elimu imepatikana. Ila unaonyesha pengo liko wapi. Jiwe letu lilipanda meli kwenda kusomwa.

Hapa lazima niweke neno la tahadhari, kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Sisemi mtu apake udongo kidondani, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga kama wafanyavyo baadhi ya watu wa kwetu. Udongo huohuo ndio makao ya bakteria wa pepopunda, na vitovu vilivyopakwa udongo au samadi vimeshaua watoto wengi. Baina ya udongo na dawa pana maabara, pana miaka, na pana watu waliosoma.

Na kwa kuwa waraka uko wazi, najua utasomwa na shangazi zangu wa Mabela na Al Khoud kabla ya kuwafikia waheshimiwa. Shikamooni, shangazi. Lile begi la kwenda Unguja, lenye halwa, vitambaa na maboksi ya amoksilini ya “kuwasaidia watoto”, nalijua, na huruma iliyolijaza naijua. Halwa na vitambaa pelekeni. Dawa ziacheni. Mafua ya mtoto yanatokana na virusi, na antibiotiki haiviui virusi. Inachofanya ni kuwazoesha dawa bakteria walio tumboni mwake, na siku akiugua kweli, dawa ile haitamfaa. Kila boksi linaloliwa bila ya sababu linapunguza kilichotolewa udongoni kwa jasho la watu wengi, na hatujui lini kitapatikana kingine.

Narudi kwenu, waheshimiwa. Ninachokiomba kiko ndani ya uwezo wenu. Oman, Zanzibar, Tanzania Bara na Kenya zinaunganishwa na bahari moja, na watu wao wameoleana kwa karne nyingi. Hakuna kinachozuia ziwe na hazina moja ya bakteria wa udongo, yenye matawi Maskat, Unguja, Dar es Salaam na Nairobi, ambamo kila aina inaandikwa imetoka shamba gani na kwa idhini ya nani. Tayari Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI, huko Binguni, na Kenya ina KEMRI. Kijana wa Tumbatu aletwe Al Khoud ajifunze kuotesha Streptomyces, na wa Salalah apelekwe Nairobi. Pasitoke kifuko kimoja cha udongo kwenda kwa kampuni yoyote kabla ya mkataba unaotaja mrabaha, na atakayetuambia kwamba sharti hilo linawafukuza wawekezaji ajibiwe kwa mkataba wa Kitasato wa 1973, ambao haukuifukuza Merck. Na zile serikali zenye fedha, zikiwemo za huku tuliko, zikae pamoja ziweke ada ya kila mwaka kwa dawa mpya itakayopatikana, ili Achaogen mwingine asife akiwa na dawa mkononi.

Septemba 2024 viongozi wenu walikubaliana New York kupunguza vifo vinavyohusishwa na bakteria sugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Mkutano wa nne wa mawaziri ulifanyika Jeddah Novemba 2024, na wa tano imepewa Nigeria, mwaka 2026. Nawaomba huko liongezwe lengo la nne katika orodha iliyoanzia mjini kwetu: kila nchi iliyoridhia ichunguze udongo wake katika maabara yake, na itangaze kila mwaka imehifadhi aina ngapi za bakteria, na ngapi kati yao zimepimwa dhidi ya vimelea sugu vya hospitali zake. Oman iwe ya kwanza kutangaza.

Wasalaam,

Fundi wa maabara, Maskat.